Mashimo ya Wazungu Porini: Dhahabu Ipo au Iliisha?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mrina asali, kaskazini mwa Wilaya ya Chunya. Huko porini tunakotundika mizinga, mbali na barabara ya gari, kuna machimbo ya zamani. Kuna shimo la wima lenye mbao zilizooza mdomoni, na mitaro mirefu iliyoanza kujifukia. Upande wa pili wa kilima kuna mabomba ya plastiki yaliyotokeza kwenye saruji, na karibu yake mifuko ya plastiki iliyochanikachanika, imepangwa safu kwa safu, ndani yake unga wa mawe. Wazee wanasema mzungu aliondoka akaiacha dhahabu chini, akasema atarudi. Sasa amekuja dalali kutoka mjini. Anasema ana faili la eneo hilo lenye ramani na vipimo vya gramu, analiuza shilingi milioni sita. Tuko vijana saba na tumeshachanga nusu. Je, dhahabu ipo? Kwa nini waliondoka? Na tukitaka kuchimba, tuanzie wapi?

*Mrina asali, Chunya*

JIBU: Marahaba mwanangu, na wasalimie wenzako. Kabla sijaeleza chochote, hiyo hela iliyochangwa ibaki mikononi mwenu. Na lile shimo la wima asiteremke mtu, hata akiwa na kamba nzuri na tochi nzuri. Sababu nitazitoa zote mbili.

Umeandika vizuri kwa sababu umetaja vitu ulivyoviona kwa macho. Vitu hivyo vinanionyesha kwamba hapo hakupita mzungu mmoja. Walipita watu wa nyakati mbili tofauti, na kila kundi liliondoka kwa sababu yake.

Shimo lenye matimba, yaani hizo mbao za mdomoni, ni la wakati wa ukoloni. Dhahabu ya Lupa, nyanda za dhahabu za huko kwenu Chunya, iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwanza ile ya mchangani, kwenye makorongo. Watu walifurika hasa miaka ya 1930, na kilichowavuta ni bei: mwaka 1934 Marekani iliipandisha wakia moja ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Wakia ni gramu 31.1. Kwa bei hiyo, mtu mwenye karai, sululu na vibarua wachache aliweza kuishi kwa kuosha mchanga wa korongo. (Na tukumbuke, haya tunayoyaita mashimo ya wazungu yalichimbwa kwa mikono ya vibarua wetu, Wanyakyusa na majirani zao, waliotembea kwa miguu kutoka milimani kuja kutafuta hela ya kodi.) Ya mchangani ilipopungua wakaufuata mwamba wenyewe, ule mkanda wa jiwe jeupe, wakateremka nao.

Mashimo mengi ya namna hiyo hukwama pale maji yanapoanza. Juu ya usawa wa maji mwamba umeoza, una kutu, rangi nyekundu na kahawia, na dhahabu yake imeachiwa huru. Ukiusaga na kuuosha, unaipata. Ukishuka chini ya maji unakutana na mwamba mgumu wa rangi ya kijivu hadi bluu, wenye madini ya njano yanayong'aa ambayo wataalamu huyaita pairaiti. Dhahabu iko humo, lakini sehemu kubwa imejifungia ndani ya hiyo pairaiti, zebaki ambayo wachimbaji huinasia dhahabu haiishiki vizuri, na bila pampu hata kusimama huwezi. Wakati huo huo bei iliganda kwenye dola 35 hadi mwaka 1971, huku mafuta, vipuri na mishahara vikipanda kila mwaka. Mgodi wa Saza, ambao ndio ulikuwa mkubwa wa Lupa, ulifungwa mwaka 1956. Geita nao ukafungwa mwaka 1966. Ikiwa migodi yenye mitambo ilishindwa, mtu mmoja na winchi ya mkono huko porini angeweza wapi? Kwa hiyo wazee wenu hawasemi uongo. Dhahabu iliachwa kweli, ila iliachwa kwa sababu haikumlipa aliyekuwa akiichimba.

Sasa twende upande wa pili wa kilima, kwenye mabomba. Hapo ndipo nilipotumia maisha yangu ya kazi, kwenye nyanda hizo hizo za Lupa, nikiwa nyuma ya mashine ya kuchoronga na chujio mkononi. Hayo si ya mkoloni. Ni ya kampuni za utafiti zilizoingia kuanzia miaka ya 1990, sheria ya madini ilipofunguliwa kwa wawekezaji. Mashine ya aina hiyo huuponda mwamba kwa nyundo na kuupuliza juu kwa hewa. Kila mita moja inayoshuka, unga wake unaingia kwenye mfuko mmoja. Unachota kidogo unapeleka maabara, uliobaki unauacha umepangwa pale pale, kumi kumi, kuanzia karibu na tundu. Hiyo mifuko mliyoizoea ndiyo kitabu cha kilima hicho, na hakuna dalali aliyekiandika.

Fanyeni hivi. Nendeni kwenye bomba moja, fagieni majani, inameni mtazame saruji. Mara nyingi maandishi yalichorwa kwa msumari kabla haijakauka: namba ya tundu, urefu wake kwa mita, na nyuzi za mwinamo. Mkikuta herufi RC, ni tundu la unga. Mkikuta DD, ni tundu la kukata mche wa jiwe mzima, ambalo gharama yake ni kubwa zaidi, na kwa kawaida haliwekwi mpaka matundu ya unga yawe yameleta habari njema. Angalieni pia bomba limelalia upande gani. Halikuinama kwa bahati mbaya. Liliwekwa likate mkanda wa dhahabu kwa upana wake, kwa hiyo linawaonyesha mwamba umelala kuelekea wapi.

Kisha hesabuni mabomba. Hili ndilo ningependa mlishike kuliko yote niliyoandika leo. Kampuni inayopata majibu mazuri hurudi. Inaongeza matundu kwa mistari, kila baada ya mita 40, halafu inayabana mpaka mita 20, kwa sababu inataka kujua mkanda unaishia wapi. Mkikuta matundu matatu au manne yaliyotawanyika, na hakuna mengine, basi maabara ilijibu vibaya au hafifu, wakafungasha. Mkikuta mistari iliyonyooka, matundu kwa makumi, na ya DD yamo, basi kulikuwa na kitu cha kufuatilia, na waliondoka kwa jambo jingine. Mara nyingi jambo hilo ni bei. Septemba 2011 wakia moja ilipita dola 1,900. Mwishoni mwa 2013 ilikuwa kama dola 1,200. Kampuni ndogo za utafiti huishi kwa kuuza hisa kwenye masoko ya Toronto, London na Australia, na bei ikianguka wanunuzi wa hisa hutoweka. Nimeona kambi ikivunjwa huku mashine ikiwa bado katikati ya tundu.

Umeuliza kama dhahabu ipo. Jibu la kweli ni gramu kwa tani. Tani moja ni viroba ishirini vya kilo hamsini. Mgodi mkubwa wenye malori na mitambo unaweza kupata faida kwenye mwamba wa gramu moja na nusu kwa tani. Nyinyi hamwezi. Chukua mwamba mzuri kiasi, wa gramu nane. Mmeupasua kwa moko (patasi ya chuma ya kupasulia mwamba), mmeutoa, mmeupakia, mmeusafirisha hadi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Kwa kusaga na zebaki, mara nyingi mnaambulia chini ya nusu ya kilichomo. Viroba ishirini vimewapa gramu tatu na kitu. Toa dizeli, toa mwenye karasha, toa mwalo (mahali pa kuoshea), toa mgao wa mwenye leseni na mwenye shamba, toa chakula cha watu saba. Na mkumbuke tundu linalolala nyuzi 60: unga wa mfuko wa 34 umetoka karibu mita 29 chini kwa kipimo cha wima. Kufika huko kwa mikono kwenye mwamba mgumu ni kazi ya miezi mingi, na maji yatakuwa yamewatangulia.

Ndiyo maana nasema pimeni kwanza, na kupima hakuhitaji milioni sita. Chukueni karai, anzeni na unga wa mifuko hiyo hiyo, mkiandika kila mmoja ni wa ngapi kutoka kwenye bomba. Osheni taratibu mpaka ubaki mchanga mweusi, halafu uzungusheni kidogo. Dhahabu hubaki nyuma kwenye ukingo kama mkia. Ihamishieni kivulini. Ulanga humeta juani tu, kivulini hufifia. Dhahabu hung'aa hata kivulini. Kandamizeni chembe kwa ncha ya kisu: pairaiti hupasuka ikawa unga mweusi, dhahabu hulainika ikawa bapa. Kisha nendeni kwenye mtaro wa zamani, mahali mkanda unaonekana, mchukue mawe kwa kuukata mkanda wote kutoka ukingo hadi ukingo, kilo mbili au tatu kwa kila mita. Msichague jiwe zuri. Jiwe zuri ndilo linalofilisi watu, kwa sababu chembe moja kubwa humpa mtu ndoto ya shimo zima. Andikeni mahali kwa GPS ya simu, fungeni vizuri, pelekeni maabara. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma, GST, inapima.

Na hapo Dodoma ndipo lilipo faili lenu. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1925 na imetunza ramani na ripoti tangu wakati wa mkoloni. Tena kampuni ya utafiti inatakiwa kisheria kukabidhi taarifa zake, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yaliweka wazi kwamba taarifa hizo ni mali ya nchi. Huyo dalali, hata kama karatasi zake ni za kweli, anawauzia kitu kisicho chake. Mwombeni jambo moja tu: namba za matundu na mahali yalipo. Mzilinganishe na saruji kule porini. Nina hakika mkiomba hivyo, bei yake itashuka siku hiyo hiyo, au hatapokea simu tena.

Leseni. Nendeni ofisi ya Afisa Madini Mkazi pale Chunya na vipimo vya GPS, muulize kama eneo lina mwenyewe. Pori kuwa kimya hakumaanishi halina leseni. Wapo watu wanaolipia maeneo miaka na miaka bila kupiga sululu moja. Likiwa huru, Watanzania mnaweza kuomba leseni ya uchimbaji mdogo, ile watu wanaita PML, hadi hekta 10, ya miaka saba, na huhuishwa.

Lakini kuna jambo hukuniambia: mizinga yenu iko kwenye ardhi ya kijiji, msitu wa hifadhi, au pori la akiba? Kama ni ardhi ya kijiji, mtamalizana na kijiji na mwenye eneo. Kama ni msitu wa hifadhi, lazima ridhaa ya wenye msitu itangulie. Kama ni pori la akiba, upande wa Rungwa kwa mfano, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imezuia uchimbaji, na ikatoa nafasi kwa mafuta, gesi na urani tu. Dhahabu haimo. Hapo mkikutwa na sululu mtapoteza hata kibali cha asali, na miombo ile inawalipa kila msimu bila karasha wala dizeli.

Nimeahidi kusema kuhusu shimo. Mwamba wenye pairaiti ukikaa na maji na hewa, hula hewa safi iliyomo. Shimo la wima lisilo na upepo hubaki na hewa nzito chini, haina rangi, haina harufu. Mtu hushuka akiongea na wenzake, akifika chini ananyamaza, na wa pili anashuka kumwokoa. Hivyo ndivyo watu wawili, watatu hufa kwenye shimo moja. Mshumaa hautoshi kuwa kipimo. Mbao zilizooza hazishiki ukingo, na mvua za Desemba zikianza ukingo wenyewe huondoka. Zungushieni miiba, mtoe taarifa kijijini. Mna watoto wanaopita na mbuzi huko.

SWALI: Mama, shikamoo. Mume wangu na shemeji wamenunua lundo la marudio ya zamani (mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu), sisi tuko Makongolosi. Wanaosha upya kwa zebaki na usiku wanachomea jikoni, kwenye kikaango changu cha zamani. Wanasema moshi ukitoka dirishani umekwisha. Mtoto wa mwisho anakohoa, na mimi ni mjamzito. Nikisema naambiwa naleta mkosi.

*Mama wa watoto watatu*

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujaleta mkosi. Una haki, na mumeo akisoma hapa naomba asome mpaka mwisho.

Mvuke wa zebaki hauonekani na hauna harufu, kwa hiyo kusema moshi umetoka hakumwambii mtu chochote. Ukipoa hurudi kuwa zebaki, ukakaa ukutani, kwenye pazia, kwenye udongo wa sakafu, kwenye nguo za mchomaji, na joto la jiko la kesho yake linauinua tena. Unaingia kwa pumzi, unafika kwenye ubongo na figo, na unamfikia mtoto aliye tumboni. Mchomaji mwenyewe baada ya miaka huanza kutetemeka mikono na kusahau, watu wakadhani ni pombe.

Kwa hiyo wiki hii: uchomaji utoke nyumbani, uende mbali, mahali pa wazi, na wewe na watoto msiwepo. Kikaango hicho kisirudi jikoni hata kikisuguliwa na mchanga. Kitobolewe, kisipewe mtu mwingine. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Mtoto apelekwe hospitali, na daktari aambiwe wazi kwamba nyumbani kumechomwa zebaki, la sivyo atapewa dawa ya kikohozi mrudi nyumbani. Wewe kliniki yako ya ujauzito waambie hivyo hivyo.

Kwa mumeo: kipo chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, wengi wanakiita ritoti. Kinanasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya majimaji, unaitumia tena. Kwa kila uchomaji unaokoa hela. Na marudio ya zamani mara nyingi yana dhahabu iliyojifungia kwenye pairaiti, ambayo zebaki iliishindwa mara ya kwanza na itaishindwa mara ya pili. Apime viroba vichache maabara kabla hajaosha lundo zima. Akisikia wazo la kulipeleka kwenye sianidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, ajue kwamba marudio yaliyopita kwenye zebaki yakikutana na sianidi hutoa sumu inayosafiri na maji kwa wepesi zaidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na lengo lake ni kupunguza zebaki na inapowezekana kuiondoa kwenye machimbo kama hayo. Aanze kuzoea njia nyingine mapema.

SWALI: Mwalimu wetu alisema dhahabu ya Sekenke ilitengenezwa pesa wakati wa Wajerumani. Ni kweli, au ni hadithi?

*Mwanafunzi, Singida*

JIBU: Ni kweli, na nafurahi mwalimu wako anawaambia. Mgodi wa Sekenke, Iramba, ulianza kutoa dhahabu mwaka 1909. Vita ya kwanza ya dunia ilipokuja, meli za Waingereza zilifunga pwani, pesa kutoka Ujerumani zikakatika. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli pale Tabora, Wajerumani wakapiga sarafu ya rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke. Upande mmoja una tembo mwenye mlima nyuma yake, upande wa pili tai wa Ujerumani. Ipo pia herufi T ya Tabora. Ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na robo tatu yake ni dhahabu. Zilipigwa kama 16,000 tu, kwa sababu Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora.

Sarafu hizo bado zipo kwa watu. Kama kwenu kuna mzee mwenye nayo kwenye sanduku, mwambie asimpe sonara aiyeyushe na asiisugue ing'ae. Wakusanyaji wa sarafu huinunua kwa bei kubwa kuliko dhahabu iliyomo, na wanaitaka ikiwa na uchakavu wake.